Kopo la Vicent

Nianze na hili, maana najua litakusumbua: Ghati ni mke wangu. Mimi Boke ni mwanamke, Ghati ni mwanamke, na nilimtolea ng'ombe mbele ya wazee kama mume yeyote wa hapa kwetu Gorong'a. Sisi Wakurya tunaita nyumba ntobhu. Sikujaliwa mtoto, mume wangu alifariki, na nyumba bila watoto inazimika, basi nikaoa. Watoto aliowazaa Ghati ni wajukuu zangu, wa nyumba yangu. Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize vizuri.

Watoto wenyewe walikuwa wawili, Vicent na dada yake Rose. Vicent alifia machimboni. Ulikuwa ule wakati ambao vijana wote wa Tarime walikuwa wanakimbilia dhahabu. Ikisikika leo imeonekana bonde fulani, kesho bonde zima ni mashimo na maturubai. Duara lilimfunika mchana kweupe, wenzake wakiwa juu wanakula ugali. Duara ndilo shimo la wachimbaji, linakwenda chini kama kisima. Wakamfukua, wakamleta nyumbani, tukamzika. Halafu kijana mmoja mpumbavu kati ya wale waliomleta, badala ya kusema pole akanyamaza, akaanza kumsimulia Ghati kwamba lile duara hata halikuwa na kitu, mawe matupu, walishaanza kufikiria kuliacha. Nilimfukuza pale msibani kwa fimbo yangu. Lakini alikuwa ameshasema.

Tangu siku hiyo Ghati hakutoka nje ya boma. Anapika, anaosha vyombo, anarudi kitandani na kugeukia ukutani. Kanisani haendi, shambani haendi. Jirani yetu Verdiana, ambaye walikuwa hawaachani hata kwenda kuteka maji, akija anaambiwa amelala. Nilimbembeleza. Nikamgombeza, na mimi nikigombeza kijiji kizima kinajua. Nikambembeleza tena. Wapi!

"Mama," aliniambia siku moja, "mwanangu amekufa kwa ajili ya mawe."

Nikatoka nje nikajifanya naangalia kuku. Iliniuma mno.

Rose alikuwa anafanya kazi kwenye kambi ya watalii upande wa Serengeti, mbele ya Mugumu. Akaja likizo na mchezo mpya aliofundishwa na wageni wa kule.

"Bibi, kuna watu dunia nzima wanaficha vikopo," akaniambia. "Wanavificha kwenye mawe, kwenye miti, chini ya madaraja. Halafu wanaweka kwenye mtandao namba za mahali kilipo. Wewe unaziingiza kwenye simu, simu inakuonyesha njia, unakwenda kutafuta."

"Ndani kuna nini?"

"Kitufe. Shanga. Kimdoli. Na kikaratasi cha kuandika jina lako."

"Unabeba?"

"Ukichukua kitu unaacha kingine. Kopo lenyewe unalirudisha palepale."

"Na hao ni watu wazima?"

"Watu wazima, Bibi. Wengine wanapanda ndege."

Lo! Nikamwambia jua la porini limemharibu akili, atafute maji anywe.

Lakini yule mtoto ni mjanja, kanirithi mimi. Hakwenda kumwambia mama yake atoke apate hewa. Alimwambia kuna kopo moja limefichwa karibu na mji wa Tarime, yeye anataka kulitafuta, na msichana akionekana peke yake anapekuapekua kwenye mawe ya watu ataitiwa mwizi. "Sasa mimi nitasindikizwa na nani?" akauliza, na sauti akaishusha kidogo. Ghati akakaa kitandani. Mtoto mmoja alishamzika, huyu wa pili asipigwe na watu wasiomjua. Akafunga kitenge chake, akatoka. Nami nikachukua fimbo nikawafuata, kwa umbea tu.

Bodaboda mbili zikatufikisha. Kulikuwa na mawe makubwa juu ya barabara, na Rose akatangulia na simu mkononi akifuata mshale. Tulipokaribia, mshale ukaanza kutapatapa, mara huku, mara kule.

"Imeharibika?" nikauliza.

"Hapana, Bibi. Simu inakufikisha karibu tu. Kuanzia hapa ni macho yako."

Akatupa masharti. Kopo halifukiwi ardhini, kwa hiyo tusichimbe. Tutafute kitu kilichokaa vibaya: jiwe lililowekwa na mkono wa mtu, majani yaliyorundikwa. Na kubwa kuliko yote, tusionekane. Mtu asiyejua mchezo akikuona, atakuja kulichukua kopo au kulitupa. "Kabla ya kuinama angalia huku na huku. Ukiona mtu anakuja, jifanye unafunga kamba ya kiatu."

"Mimi nina kandambili," akasema Ghati.

Rose akanitazama, nami nikamtazama. Lilikuwa ndilo neno la kwanza la utani kutoka kinywani mwake tangu msiba. Nikageuka nikajifanya napekua mawe, nisije nikaliharibu.

Ghati ndiye aliyeliona. Kijiwe kilichokaa kwenye ufa, upande wake mkavu ukiwa chini na upande wenye udongo ukiwa juu. Akaangalia huku na huku kama alivyofundishwa, akakitoa, akaingiza mkono. Kikopo cha plastiki chenye mfuniko. Akacheka! Akacheka akakaa chini, akavimwaga vitu kwenye kitenge, akavitazama kimoja kimoja. Kulikuwa na twiga wa plastiki asiye na mguu mmoja. Akamchukua huyo, akaacha kibanio chake cha nywele. Kwenye karatasi akaandika jina lake kwa herufi kubwa, taratibu, ulimi nje.

Basi mchezo ukaingia nyumbani kwangu. Walikwenda hadi Sirari kutafuta kopo lililofichwa karibu na mpaka, na wakala mmoja wa forodha wa upande wa Kenya akawauliza kwa Kiswahili chao cha ng'ambo, ambako mama ni mathee, "Mnasaka nini hapo, mathee?" Ghati akainama akafunga kandambili. Waliporudi walikuwa wananisimulia wote wawili kwa pamoja, hata sikusikia vizuri, lakini nilikuwa nacheka. Jumapili iliyofuata Ghati akaenda kanisani. Nilimshukuru Mungu, na kile kijisimu nacho nikakishukuru.

Kabla Rose hajarudi kazini, Ghati akamwomba, "Nataka na mimi nifiche langu."

Akachagua kilima cha Gesarara, hapo nyuma ya boma letu, ambako Vicent alichunga ng'ombe tangu akiwa mdogo. Ndani ya kopo akaweka kitufe cha shati la mwanawe, shanga kidogo, na karatasi. Rose akachukua zile namba, akaandikisha kopo kwenye mtandao, akauliza liitwe nani.

"Vicent."

"Na maelezo?"

"Andika: hapa ndipo Vicent alikuwa anachunga."

Nikamuuliza Ghati inamsaidia nini. Akaniambia, "Mama, hapa kijijini watu wakinikuta wanaogopa kumtaja. Huko atatajwa na watu wasioogopa."

Rose akarudi kazini, akamwachia mama yake ile simu. Ghati akawa anapanda kilimani karibu kila asubuhi kuangalia kama kopo lipo salama. Akifika anaangalia huku na huku, anainama, anaingiza mkono chini ya jiwe, anakaa kidogo, anashuka na uso mkunjufu. Mimi nikawa naona raha. Ee Mungu wangu, sikuona walichokuwa wanaona wenzetu.

Siku moja likaja gari la watalii, wazee wawili wa kizungu, mume na mke, na dereva wao. Wakapanda Gesarara na mashine yao mkononi, wakizunguka mawe, wakisimama, wakizunguka tena. Wakainama. Wakapiga picha. Wakashuka wanacheka, wakapunga mkono, wakaondoka. Baadaye Rose akapiga kwa simu ya kambini. "Mama, wameandika! Wanasema, Asante Vicent, umetuleta mahali pazuri sana." Ghati akamwambia asome tena. Rose akasoma. Akamwambia asome tena. Alilia siku hiyo, lakini kilikuwa kilio cha mtu aliyepewa kitu.

Sasa wewe fikiri kama mtu wa hapa. Mama ambaye mwanawe alikuwa mchimbaji, aliyejifungia ndani, ghafla anatoka. Kila asubuhi yuko kilimani na simu. Kabla ya kuinama anaangalia kama kuna mtu. Anashuka anatabasamu. Halafu Wazungu wanakuja na mashine kupima palepale. Nchi hii ya dhahabu ungesemaje? Walisema hivyohivyo. Vicent aliacha mawe yenye dhahabu, kamwotesha mama yake ndotoni mahali yalipo, na mama ameshaita wanunuzi.

Verdiana alikuwa wa kwanza kuja. Alikuja kwa wema, siwezi kumsema vibaya. "Ghati, kama kuna kitu niambie. Athanas na Tomaso wangu wako tu, hawana kazi."

Ghati akamshika mkono, akampandisha kilimani, akamfungulia kopo. Kitufe, shanga, karatasi. Akamweleza mchezo mwanzo hadi mwisho. Verdiana akatazama ndani ya kopo, akamtazama rafiki yake usoni.

"Sawa, mama Vicent," akasema. "Kama hutaki kuniambia, sawa."

Akashuka peke yake. Tangu siku hiyo akawa anateka maji saa nyingine.

Hazikupita siku nyingi rashi ikaanza. Rashi ndiyo wachimbaji wanaita watu wakilipuka kukimbilia mahali pamoja. Asubuhi moja niliamka nikadhani ni mnada wa ng'ombe: pikipiki, masururu, maturubai ya bluu, mama wa chapati ameshawasha moto, mwingine anauza tochi. Nikapanda na fimbo yangu, nikawatukana mmoja mmoja kwa jina la baba yake. Wakaniamkia vizuri, "Shikamoo Bibi," wakaendelea kuchimba. Ghati akawa anapita katikati yao na lile kopo ameliinua juu, "Ni hiki tu, wanangu! Ni mchezo! Hakuna kitu!" Kijana mmoja akamwambia, "Mama, usijisumbue, nchi ni kubwa, tutagawana." Wakacheka. Kopo lilipotea humo humo kwenye vifusi, hata sijui saa ngapi. Mwenyekiti wa kijiji alikuja, akatazama, akasema atalifuatilia. Na kesho yake shemeji yake akawa ana duara.

Mvua ikanyesha, udongo ukalewa. Duara la Athanas, mwana mkubwa wa Verdiana, likamfunika.

Walimtoa jioni, ameshakufa. Kusema kweli watu walikuwa wameshaanza kuchoka, hakuna aliyekuwa amepata hata chembe, na baada ya kifo wakaanza kukunja maturubai. Nikasema moyoni, angalau imekwisha.

Kesho yake Ghati akavaa, akaniambia anakwenda msibani kwa Verdiana. Nikamkataza. Nilimwambia watakurukia, yule mama ana uchungu, ngoja wazike kwanza. Akasema, "Mimi nikiwa ndani nimegeukia ukutani yeye alikuwa anakuja kila siku, Mama. Ulikuwa unamwambia nimelala." Basi nikamfuata.

Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka, wanaume nje kwenye viti. Verdiana alikuwa katikati, kanga imemdondoka begani, sauti imekauka kwa kulia. Akamwona Ghati.

"Umekuja," akasema. "Vizuri. Wewe ndiye unajua. Niambie mwanangu amekufa kwa nini."

Ghati akapiga magoti mbele yake.

"Nakuuliza! Wanasema hakikuwa na kitu kile kilima. Wanakunja vitu vyao wanaondoka, wanasema Athanas alikuwa anachimba mawe tu. Kulikuwa na kitu au hakikuwepo?"

Nilimwona Ghati uso wake. Nilijua yuko wapi wakati ule. Yuko nyumbani kwetu, msibani kwetu, na yule kijana mpumbavu amesimama mbele yake anafungua mdomo. Nikavuta nguo yake kwa nyuma, lakini alikuwa ameshaamua.

"Kilikuwepo," akasema.

Watu wote wakasikia.

"Kilikuwepo, Verdiana. Nilikuficha, nisamehe. Na Athanas alikuwa anachimba palepale. Alibakiza kidogo tu. Angelikipata."

Verdiana akamwangukia shingoni. Wakalia pamoja, na mimi nikalia, na kila mwanamke pale akalia, na nikajisemea kwamba huyu mke niliyemtolea ng'ombe ana moyo ambao mimi sina. Verdiana akainua kichwa, akamwita mwanawe mdogo aliyekuwa mlangoni. "Tomaso, umesikia? Kaka yako hakuwa mjinga. Alikuwa amekaribia." Alisema kwa fahari kabisa, maskini. Pale hakumtuma popote. Tomaso akaitikia, "Nimesikia, Mama." Halafu akageuka akatazama Gesarara.

Athanas akazikwa. Usiku huo nasikia Verdiana alilala usingizi, alikula hata uji. Na asubuhi Gesarara ikawa imejaa mara mbili ya mwanzo.

Ghati hakunisubiri hata nivae. Nilimsikia nikiwa bado chini, akipiga kelele kule juu, "Nilidanganya! Jamani, nilidanganya!" Nikapanda na magoti yangu haya mabovu nikimlaani kila aliyenipita. Nilipofika walikuwa wanamcheka.

"Mama, jana kilikuwepo, leo hakipo. Kesho kitakuwaje?"

"Ameshapata mnunuzi mwingine huyo!"

Tomaso yeye hakuwa anacheka. Alikuwa kwenye duara la kaka yake, amelifukua upya, limeshamfika kifuani. Udongo bado ulikuwa na maji, unamong'onyoka pembeni yake kama mkate mbichi. Ghati akafika ukingoni.

"Toka humo, mwanangu."

"Mama, rudi nyumbani tafadhali."

Hakurudi. Alishika kitenge chake akateremka mle ndani, akaketi chini kwenye tope, miguu ameinyoosha, mgongo kwenye ukuta wa udongo. "Haya," akasema. "Chimba juu yangu."

Watu wakasogea kutazama. Mmoja akasema atolewe, basi, mtu amshike mikono. Tomaso akamkatalia kwa ukali. Yeye na Vicent walitahiriwa mwaka mmoja, na kwetu hiyo ina maana moja tu: mama wa mwenzako ni mama yako, na mkono wako haumgusi. Akatoka shimoni, akachukua kiroba kitupu, akamrushia taratibu. "Kalia hiki, Mama. Hapo pana baridi." Akachuchumaa ukingoni. Mimi nilikuwa nimesimama karibu kabisa, nilisikia kila neno.

"Tomaso," Ghati akamwambia, machozi yanamtiririka, "sikiliza. Hakuna kitu hapa. Hakijawahi kuwepo. Nilimwambia mama yako vile kwa sababu nilimwonea huruma."

"Najua," akasema Tomaso.

"Unajua?"

"Nilijua palepale, Mama. Vicent angekuwa na kitu angeniambia." Akajifuta uso kwa kiganja chenye udongo. "Lakini mama amekula. Jana amelala. Alfajiri ameniambia nimalizie alipoachia Athanas. Mimi nikirudi sasa hivi nikamwambia nimeacha, ataniuliza kwa nini. Nitamjibu nini?"

Nikafungua mdomo niseme, nimtukane, nimpige fimbo, nimfanye chochote atoke kwenye kilima kile. Nikaishusha fimbo.

Tomaso akasimama. Akaniambia, "Bibi, msaidie mama atoke, udongo huu si mzuri." Akaokota sururu ya kaka yake, akasogea pembeni hatua chache, akaanza shimo lingine.